Daftari la Jumapili na Cheti cha Mama

Wadogo zangu, wastaafu mnaowajua wana mvi na fimbo. Mimi nina miaka kumi na saba na chunusi mbili kidevuni, lakini nimestaafu kweli. Kwa miaka minne, tangu nilipoingia kidato cha kwanza, nimekuwa katibu wa daftari la nyumba yetu hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Wiki ijayo naondoka kwenda bara, bweni, kuanza kidato cha tano, na daftari anabaki nalo mdogo wangu Saumu. Ameniambia, "Dada, usiniachie daftari tu. Niachie na maelezo." Basi haya ndiyo maelezo. Wenzake wa rika lake nao wasome, maana kila nyumba ninayoijua huku ina jambo lililoishia kwenye msingi.

Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, najibu huku nikiangalia dawati. Kazi hii niliipata kwa sababu hiyo. Nyumbani kila mtu alikuwa anasema atafanya hiki na kile, mimi nikawa naandika.

Nianze na banda la kuku.

Ukurasa wa kwanza niliandika mambo kumi na moja. Banda la kuku. Mlango wa choo. Bwawa la samaki la Baba. Masomo ya Mama. Na mengine ya namna hiyo. Tukakubaliana kila Jumapili saa kumi jioni, nguo zikishaanuliwa, tukae na chai, nisome orodha, kila mtu aseme amefikia wapi. Nikasoma.

"Banda la kuku?"

"Lipo," Baba akajibu.

Lilikuwepo kweli. Nguzo nne bila paa, na sketi yangu ya shule ilikuwa imeanikwa juu yake. Jumapili iliyofuata nikauliza tena, akasema, "Lipo, mwanangu." Likawepo wiki sita.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Tesha. Yeye ni mstaafu wa kweli, alikuwa karani wa masjala, ile ofisi ya serikali inayotunza majalada. Siku moja alikuja kuazima beseni, akaliona daftari mezani, akavaa miwani.

"Hii orodha ya nini? Ya mirathi?"

Nikamwambia ni ya kazi za nyumbani.

"Hakuna kazi hapa. Umeandika mali. Banda la kuku si kazi. Muulize baba yako, mkono wake utagusa nini kwanza."

Mimi nimuulize Baba? Nikaangalia beseni. Mama Tesha akamgeukia mwenyewe. Baba akafikiri, akasema misumari ya bati. Iko wapi? Dukani. Duka gani? Hapo anaposhukia akirudi kutoka kazini Dar. "Basi andika," akaniambia, "Jumanne, Baba akishuka, apite dukani achukue misumari ya bati. Usiandike zaidi ya hapo." Jumanne Baba akaingia na misumari imefungwa kwenye gazeti. Mwezi haukuisha, banda likaezekwa.

Ila hakuna aliyeandika kuku. Banda likakaa wazi, paka wa Mama Tesha akazalia humo watoto wanne, na kwa muda mrefu tukala mayai ya dukani tukiwa na banda zuri la paka. Kwa hiyo Saumu, ukiandika mradi, andika mpaka kuku waingie.

Mama Tesha alinifundisha mambo mengine mawili ya masjala. La kwanza, meza ni ndogo. Alisema bosi mwenye majalada ishirini mezani hana hata moja analolisoma. Tukachagua matatu ya kushughulikia, mengine yote nikayapeleka kurasa za nyuma chini ya kichwa cha habari "Kabatini". Bwawa la samaki likaenda kabatini. Baba alinuna siku mbili. "Mnanizikia bwawa langu likiwa hai," alisema. Lakini tangu hapo aliacha kuchimba shimo kila Jumamosi na kulifukia kila mvua ikinyesha.

La pili ni BU. Hiyo ilikuwa alama yao ya masjala. Jalada likiwa linasubiri jibu la mtu, karani huliandikia BU, kifupi cha Kiingereza "bring up", na tarehe, maana yake siku hiyo lirudi mezani, lina jibu au halina. Tulikuwa na seremala aliyesema mlango wa choo uko tayari bado kupiga randa tu. Tulimlaumu miezi mitatu. Nikaandika "Mlango, kwa seremala, BU Jumamosi", na Jumamosi Mama akaenda, akaukuta umeegemezwa ukutani umekauka. Seremala akasema, "Mama, nilidhani mmehama." Hakuwa ametusahau, sisi ndio tuliomsahau yeye.

Halafu msiruke Jumapili. Kuna msiba, kuna mvua, kuna harusi, sawa. Ikirukwa moja daftari linapiga miayo. Zikirukwa mbili, limelala, na kuliamsha ni kazi kuliko kazi zenyewe.

Hayo yote ni ya kuchekesha. Sasa niseme lisilochekesha. Kwenye shajara yangu siku ile niliandika mstari mmoja tu: Nimemfanya Mama adanganye.

Mama ni mhudumu kwenye zahanati moja ndogo huku Visiga. Anadeki, anachemsha vifaa, anawashika watoto wakichomwa sindano. Anataka kuwa muuguzi tangu sijazaliwa. Chuo kinamtaka awe amefaulu Biolojia na Kemia, na alipomaliza kidato cha nne huko Kisarawe, miaka karibu ishirini iliyopita, alifeli yote mawili. "Masomo ya Mama" yalikaa kwenye daftari miaka mitatu bila kusogea. Mwanzoni mwa mwaka jana, mimi naingia kidato cha nne, akasema, "Na mimi mwaka huu narudia. Tutafanya mtihani pamoja." Mradi wake tukauweka mezani, wa kwanza.

Kuna kituo cha watahiniwa wa kujitegemea hapa Kibaha. Walimwambia alete cheti chake cha zamani ndipo wamsajili. Hakuwahi kwenda kukichukua, kilibaki shuleni miaka yote hiyo. Nikaandika vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa: "Mama, siku ya kupumzika, aende shuleni Kisarawe akachukue cheti." Kitendo, mtu, siku. Mama Tesha angenipa maksi zote.

Jumapili ya kwanza hakuwa amekwenda. Ya pili vilevile. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanzisha kalamu nyekundu. Mdomo wangu una haya, lakini kalamu haikuwa nayo. Jambo ambalo halijafanyika nililiandikia HAIJAFANYIKA kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini yake, halafu nikasoma kwa sauti mbele ya Baba na Saumu, nikiangalia karatasi. Nilijiona mtu makini. Kwenye kurasa za Mama kulikuwa na nyekundu nyingi, kwa sababu ndiye mwenye kazi nyingi.

Jumapili ya tano Mama akaniwahi. "Hapo kwenye cheti weka vema. Nilikwenda Alhamisi. Wamesema watakitafuta, nirudi baadaye. Nikapita na kwa bibi yenu, anawasalimu sana."

Nikaweka alama ya vema kubwa. Nikaandika na BU.

Jumamosi iliyofuata nikatumwa Kisarawe kwa Bibi, mama yake Baba, kumpelekea dawa za presha. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, nililibeba kila mahali. Nikamkuta anamenya mihogo na Shangazi Pili, dada yake Baba, anayeishi naye. Nikawaamkia, nikapewa kisu, nikaanza kumenya.

"Mama yenu hajambo?" Bibi akauliza. "Maana tangu mihogo ya mwaka jana sijamtia machoni."

Kisu kikasimama. Siku za usajili zilikuwa zimebaki tisa.

"Mke mwenzangu, mbona umenyamaza?" Bibi huniita hivyo, eti tumeolewa na Babu wote wawili. "Mume wetu kakuudhi? Mchukue moja kwa moja, mimi nimemchoka."

Kwa kawaida hapo nacheka. Siku hiyo nikaanza kulia, nikawaeleza yote nikiwa nimeinama juu ya sufuria. Kwamba Mama amesema amefika, na hakufika. Kwamba kituo kitafunga, na mwaka wake utapotea. Kwamba siwezi kumwambia mama yangu mzazi kwamba amesema uongo.

Bibi hakucheka. "Hebu lilete hilo daftari."

Bibi kusoma anasoma kwa shida, lakini rangi anaziona. Akafunua. Akafunua tena.

"Hizi nyekundu ndizo nini?"

"Yasiyofanyika."

"Za mama yako?"

"Nyingi."

"Na unazisoma mbele ya mume wake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo."

Akalifunga, akanirudishia. "Hata mimi ningesema nimekwenda."

Hiyo ndiyo sentensi iliyomstaafisha yule mimi aliyejua kila kitu. Niliyebaki ni mwingine. Nilikuwa nimeyajua ya masjala yote, lakini majalada hayana uso. Mtu ana uso, na mimi nilikuwa namvunjia Mama uso wake kila wiki, saa kumi jioni, kwa chai.

Nikamwuliza Bibi kama anaweza kumpigia simu yeye. Akakataa. "Mkwe wangu mimi simuulizi. Ananiheshimu, ataniambia ndiyo tu. Baba yako akimuuliza inakuwa kesi. Wewe ni mtoto wake, huna mdomo wa kumuulizia jambo hilo." Akamnyooshea Shangazi kisu. "Wa kumuuliza ni huyo. Wifi humwambia wifi yake lolote, na yeye humjibu lolote, na hakuna anayekasirika."

Shangazi akafuta mikono. "Niwekeeni mananasi mawili. Kesho nakwenda kumchokoza mke wangu."

Jumapili saa kumi Shangazi akakaa kwenye kiti changu, akachukua daftari.

"Leo nasoma mimi. Katibu wenu nimempa likizo. Wifi, njoo ukae hapa karibu. Kaka yangu amekonda hivi, unampikia Kemia?"

"Mlinipa hivyo hivyo," Mama akasema. "Mifupa mitupu. Nikadhani mmenipa mwavuli."

"Na mimi nipo hapa," Baba akasema.

"Wewe kunywa chai. Haya wifi, cheti. Naona vema hapa, kubwa kama jembe. Sasa mimi nakaa Kisarawe, na shule ile naipita kila siku nikienda shamba. Ulipita wapi nisikuone? Au siku hizi nyinyi Wapare mnapaa?"

Mama akacheka. Mama akicheka sana hujifuta macho na ncha ya kanga. Akajifuta, akaendelea kujifuta, halafu tukaona hacheki tena.

"Sikuchukua, wifi."

Hapa ndipo nataka msome polepole. Shangazi hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza, "Kimekwamia wapi?"

"Getini," Mama akasema. "Nilifika mpaka getini. Nikamwona Mwajuma kupitia dirisha la ofisi. Unamkumbuka Mwajuma? Tulikaa dawati moja miaka minne. Hesabu nilikuwa namfundisha mimi. Sasa ndiye makamu mkuu wa shule, ana na miwani. Niingie nimwambie nini? Nimekuja kuchukua sifuri zangu, nakwenda kudeki? Nikageuza na pikipiki ile ile iliyonileta."

Baba alikuwa anaangalia kikombe.

"Unadeki vizuri?" Shangazi akauliza.

"Ninavyodeki, daktari anavua viatu mlangoni."

"Basi kazi huionei aibu. Unamwonea aibu Mwajuma. Hilo ni jambo jingine, na lina dawa yake." Akanigeukia. "Katibu, likizo imekwisha. Futa hiyo, uandike inavyotakiwa."

Nikachukua penseli. Nikafikiri mkono wa Mama utagusa nini kwanza. Haukuwa cheti. Nikaandika: "Kesho, Mama na Shangazi, kwenda kumsalimia Mwajuma." Mama akainama kusoma. Kisha akasema, "Ongeza, na kumpelekea nanasi moja."

Jumatatu akabadilishana zamu na mwenzake, wakaenda. Aliporudi alitusimulia akiwa bado na vumbi miguuni. Mwajuma alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka. Akafungua kabati, akatoa bahasha bila kutafuta. Akamwambia ofisi imehamishwa mara tatu, na kila mara cheti hicho alikibeba mwenyewe kwa mkono, kwa sababu vingine vingeweza kupotea lakini si hicho. Kona moja ilikuwa imeliwa na mende. Jumatano Mama akasajiliwa.

Baada ya hapo nikabadilisha namna ya kufanya kazi. Kalamu nyekundu nilimpa Mama Tesha, anajazia fumbo la maneno kwenye gazeti. Kwenye daftari hakuna tena HAIJAFANYIKA. Kuna "imekwamia wapi", na mbele yake nafasi ya kujaza. Mara nyingi kinachojazwa hapo ndiyo kazi yenyewe, ile uliyoiandika mwanzo ilikuwa kivuli chake.

Na kila mtu tukamtafutia mtani wake wa kumuuliza. Mtoto hamkagui mzazi, mkwe hamkagui mkwe. Baba anaulizwa na shemeji yake, mdogo wake Mama aliyeko Same, kwa simu tukiwa tumeweka spika. Jumapili moja alimwambia, "Shemeji, huo mlango kama hujapaka rangi sema, nije nikupake wewe." Ulipakwa. Saumu anaulizwa na Bibi. Mimi nilikuwa naulizwa na Babu, aliyenitishia talaka mara nne kwa sababu ya Fizikia. Kwenye nyumba zenu tafuteni nani anamtania nani, muanzie hapo. Kama hakuna, aulizwe na rafiki, lakini wakiwa wawili tu.

Mama akaanza kusoma kwa vipande. Tulijaribu "saa mbili kila siku", ikafa wiki ya kwanza. Kilichokaa ni hiki: akimaliza kudeki, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, maswali mawili. Siku nyingine moja. Nyumbani mimi naosha vyombo, yeye anapika, tunaulizana. Nilimkuta siku moja anamwambia unga wa ugali kwamba hautaki kuyeyuka kwa sababu si myeyusho, ni mchanganyiko. Novemba tukafanya mtihani siku moja, yeye kituoni kwake, mimi shuleni kwetu. Asubuhi ya Kemia tulitoka pamoja, tukaachana barabarani, na alikuwa na kalamu tatu kama mtoto wa darasa la saba.

Matokeo yalipotoka, mimi nilikuwa nimefaulu. Mama alipata C ya Biolojia. Kemia alifeli.

Jumapili ile nililificha daftari chini ya godoro. Niliona ni huruma. Nisingeweza kukaa pale na Kemia yangu iliyofaulu nimsomee yake. Saa kumi ilipofika, Mama akaweka chai mezani, akauliza daftari liko wapi. Nikasema sijui.

"Wewe hujui kudanganya. Hata mimi nakushinda. Lilete."

Nikalileta. Nikataka kumpigia Shangazi simu ili aulize yeye, Mama akanizuia kwa mkono. Akavuta kiti, akafungua ukurasa wake, akasoma mwenyewe, kwa sauti, Baba akiwa pale, Saumu akiwa pale, na Mama Tesha aliyekuja kurudisha beseni akiwa amesimama mlangoni.

"Cheti, imekamilika. Usajili, imekamilika. Biolojia, imekamilika."

Akafika mstari wa mwisho. Nikaangalia meza, kama kawaida yangu. Halafu nikainua macho, nikamkuta hajainama. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Kemia, bado," akasema. "Nani ana kalamu, tuandike ya kesho."